Nilipooza miguu, nikaona aibu kuwapa wazee mgongo. Aibu hiyo nusura iniue

Salaam aleikum wakuu, na wale wa shikamoo nawapa yenu pia.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka. Nimecheka sana na comments zenu nikiwa nimelala chali sina pa kwenda. Leo zamu yangu. Yote ninayoyaandika yamenipata mimi mwenyewe, na nikiongeza chumvi mama yangu yuko hai wa kunisuta.

Watanzania mtanivumilia, Kiswahili changu ni cha Garissa. Tumekisoma shuleni, tukaenda kukimalizia sokoni.

Uzi ni mrefu. Wekeni chai karibu.

Mimi ni dalali wa mifugo. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na hooyo, yaani mama, pamoja na adeer wangu, kaka mkubwa wa baba. Hooyo ni mfugaji wa ngamia upande wa Habaswein. Hajawahi kushika kalamu, lakini ngamia wake wote anawajua kwa nyayo.

Siku ya ajali tulikuwa tunatoka Habaswein na lori la mbuzi. Nilikaa juu kwenye vyuma, mahali ambapo kila kijana wa kazi hii hukaa, maana chini ni kwato na harufu na juu kuna upepo. Dereva akaingia kwenye laga, ule mto mkavu, kwa mwendo ambao hata mbuzi walishangaa. Lori likaruka. Mimi nikaruka zaidi.

Nilitua kwa mgongo. Nikataka kuinuka, miguu ikakaa pale pale kama si yangu.

Wenzangu, kwa mapenzi kabisa, mmoja akanishika mikono na mwingine miguu, wakanipakia nyuma ya pikapu kama gunia la sukari. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Ila wewe unayesoma, ukimkuta mtu ameanguka vile usimkunje. Tafuteni ubao, hata mlango uliong'olewa, shingo na mgongo vibaki vimenyooka, mbebeni watu wanne taratibu.

Hospitali wakaniambia uti wa mgongo umeumia chini ya mbavu. Mikono salama, kifua salama. Miguu hawakuniahidi. Mkojo na choo navyo vilikuwa vimepoteza adabu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nililia hadi nikachoka, kisha nikaanza kuwasikiliza watu.

Mtu niliyemsikiliza zaidi alikuwa nesi mmoja, nitamwita Sista Mwende, Mkamba wa Mwingi, mfupi, ana sauti ya mwalimu wa zamu. Alinieleza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenieleza. Wewe mwenye mgongo mzima ukilala unajigeuza bila kujua, kwa sababu mwili unaumia ukikaa sana upande mmoja. Mimi mwili wangu hauna habari. Mfupa unabana nyama kwenye godoro, damu haipiti, nyama inakufa kimya kimya na mwenyewe nimetulia napiga stori.

Kwa hiyo kila baada ya saa mbili nigeuzwe. Mchana na usiku. Ngozi itazamwe asubuhi na jioni. Mkojo utolewe kwa mpira msafi kwa saa zake, na maji ninywe ya kutosha.

Kitanda cha pili kulikuwa na mzee wa Ijara, mcheshi kweli kweli, aliyevunjika mgongo kabla yangu akarudi kwao, kisha akaletwa tena na kidonda kwenye makalio. Tulikula naye pamoja. Alifariki kabla sijaruhusiwa kutoka. Siku hiyo Sista Mwende alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mgongo hautakuua," aliniambia. "Watu kama wewe wanauawa na kidonda na mkojo. Na hivyo viwili mtu anaweza kuvizuia akiwa nyumbani kwake."

Nikaitikia. Nikapewa karatasi yenye maelezo yote. Nikaenda nyumbani kwa adeer hapa mjini, na nikaanza kufanya kinyume chake.

Sasa wakuu, hapa lazima niwaeleze desturi, bila hivyo mtaniona mjinga tu. Ujinga ulikuwepo, lakini ulikuwa na adabu zake.

Kwetu mgonjwa hatembelewi, anahamiwa. Habari ikifika kwamba kijana wa fulani ameanguka, wazee wanatoka mbali hata Hulugho, siku nzima njiani, wanakuja kukaa naye. Wanasoma dua, wanakunywa chai, wanaongea mvua na visima. Kumwacha mgonjwa peke yake ni aibu ya ukoo mzima. Mimi naipenda desturi hiyo hadi leo, tusielewane vibaya.

Lakini upande wa mgonjwa nao una desturi yake. Mzee akiongea nawe, unamtazama. Kumpa mzee mgongo ni kumwambia maneno yake ni takataka.

Na godoro langu lilikuwa limewekwa ukutani.

Mnaona shida? Nikilalia ubavu wa kushoto natazamana na wageni. Nikilalia wa kulia natazama ukuta, na wazee saba wa heshima wanatazama makalio yangu. Adeer mwenyewe ndiye alikuwa akikaa mbele yao, mtu anayeamua kesi za visima, mtu ambaye sijawahi hata kuketi kabla hajaketi.

Basi nikawa nalalia kushoto. Kuanzia Alasiri hadi baada ya Isha, kila siku. Asubuhi wanakuja kina mama, tena kushoto. Wakiondoka nageuka kidogo, nasinzia, wanakuja wengine.

Sista Mwende alikuwa akinipigia simu kuuliza kama nageuka. Nilimjibu nageuka vizuri sana. Ulimi hauna mfupa.

Siku moja nikajipiga picha ya nyonga kwa simu, nikaona wekundu. Nikabonyeza, hauondoki. Karatasi ya hospitali ilisema wekundu usioondoka ni hatari. Nikajiambia ni alama ya shuka.

Baada ya siku chache pakawa peusi. Halafu pakafunguka. Halafu pakaanza kunuka.

Hili ndilo naona haya kuliko yote, lakini niliahidi ukweli. Nilipoona harufu inaanza, niliomba nyumba ifukizwe ubani zaidi. Mke wa adeer akaleta chetezo, akakiweka karibu na kichwa changu kila jioni. Wageni wakasifu. Wakasema kijana huyu hata ugonjwani anajua kupokea watu. Nikafurahi!

Nilianza kutetemeka kwa homa nikisema ni malaria.

Hooyo alikuwa amekuja hospitali mwanzoni, kisha ukame ukamlazimisha kurudi kuhamisha ngamia mbali kutafuta malisho. Aliporudi mjini ilikuwa jioni, chumba kimejaa wazee, ubani umetanda. Alisimama mlangoni hata viatu hajavua. Akanusa.

Kisha akauliza kwa Kisomali, mbele ya watu wote, "Nani ameficha mzoga ndani ya ubani?"

Alipita katikati ya wazee, na kwetu mwanamke hapiti hivyo, akafunua shuka, akanigeuza ukutani kwa mikono yake miwili. Sikuona sura yake. Nilisikia tu adeer akisema Inna lillahi kwa sauti ndogo.

Kidonda kilikuwa cha kuingia tende nzima, na kokwa yake.

Usiku huo huo nilirudishwa hospitali. Daktari alikisafisha, akatoa nyama iliyokufa, akaniambia kimebakiza kidogo kufika kwenye mfupa. Kikifika kwenye mfupa, na usaha ukaingia kwenye damu, nitamfuata yule mzee wa Ijara. Nyonga ya kushoto isiguse tena godoro, na kukaa kwenye kiti nisahau hadi kifunge. Nilimuuliza kitafunga lini. Akasema hilo linategemea nyumbani kwenu.

Sista Mwende alimwita hooyo pembeni ya kitanda kumfundisha kugeuza. Alikuwa amekasirika na mimi hadi hakunitazama. Akaanza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba mama, mgonjwa huyu anatakiwa ageuzwe, kwa sababu damu haipiti.

Hooyo akamkatiza kwa Kiswahili chake.

"Sista, mimi nachunga ngamia toka mtoto. Ngamia kama nafunjika mguu, nalala chini. Kama naacha yeye ubande moja, nyama naosa, nakufa. Mimi nageusa, nachimba mchanga ile ngumu, naweka ile laini, nageusa tena. Mwesi moja, mwesi mbili. Nasimama."

Halafu akanionyesha mimi kwa kidole. "Huyu nasoma shule. Ngamia nashinda yeye akili."

Sista Mwende alicheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo wale wawili wakawa marafiki, na mimi sikuwa na pa kujificha.

Tuliporudi nyumbani, kitu cha kwanza hooyo alichofanya ni kuvuta godoro kutoka ukutani na kuliweka katikati ya chumba. Akatafuta sponji nzito. Saa hakuijua, kwa hiyo ratiba yake ilikuwa adhana, na kati ya adhana na adhana birika moja la chai. Baada ya Isha ndipo alikubali alamu ya simu yangu. Ubavu wa kulia, kisha kifudifudi, kisha mgongo kidogo na mto, kisha kulia tena.

Siku ya tatu wazee wakaja. Adeer mbele, wengine sita nyuma yake.

Nilikuwa nimelalia kulia, wakakaa upande wa uso wangu, vizuri kabisa. Adeer akaanza kisa cha kisima kimoja kilicholeta ugomvi tangu zamani za babu yetu. Kisa cha adeer wakuu hakikatizwi. Nimewahi kuona watu wakikosa magari kwa sababu ya kisa cha adeer.

Birika likachemka. Hooyo akaingia akasema wakati umefika.

Nikamtazama adeer, nikamtazama hooyo. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Hooyo, ngoja wamalize."

"Wakimaliza wao," akasema, "na wewe utakuwa umemaliza."

Hakunishika. Alisimama pale na mikono yake, akiningoja mimi. Wale wazee wote walikuwa wananitazama. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko siku niliyoanguka kwenye lori, walaahi. Ile siku sikupata muda wa kuogopa.

Nikasema, "Adeer, nisamehe. Nakupa mgongo."

Nikashika ukingo wa godoro, nikajivuta, hooyo akanimalizia miguu. Nikalala kifudifudi, uso upande wa pili, natazama sehemu tupu ya chumba.

Kisha nikasikia bakora inagonga sakafu, na magoti ya mzee yakilia. Adeer alikuwa anainuka. Nikajua anaondoka, na akiondoka yeye hakuna atakayebaki, na habari itafika Hulugho kabla ya kesho.

Alizunguka miguu yangu polepole, kikombe mkononi, chai haimwagiki. Akaja akaketi upande wa uso wangu. Akarekebisha kikoi chake.

"Nilikuwa nimefika pale walipokata kamba ya ndoo," akasema, na kisa kikaendelea.

Wale sita wakanyanyua vikombe vyao wakamfuata mmoja mmoja.

Nilificha uso kwenye mto. Niliwaambia ni jasho.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Birika likichemka wageni wanahama kama mifugo na malisho. Wageni wapya wanaelekezwa na wa zamani. Watu wakawa wanakaa muda mfupi kidogo pia, kwa sababu mzee wa miaka sabini akihamishwa mara mbili anakumbuka ana shughuli nyingine. Hooyo alisema hilo nalo ni dawa.

Kidonda kilichukua miezi minane. Kuna watu wanadhani ukigeuka wiki moja kimepona. Miezi minane, wakuu, naangalia ukuta, naangalia wazee, naangalia godoro. Hooyo aliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa kama alivyofundishwa, akanilisha nyama, mayai na maziwa bila kunipa nafasi ya kukataa. Sista Mwende alipita siku zake za mapumziko kukipima. Kilijaa kutoka chini kwenda juu. Siku kilipofunga alipiga picha akawaonyesha wenzake zamu nzima. Nyonga yangu imeonekana na watu wengi kuliko mimi mwenyewe.

Kukaa nilianza kwa dakika kumi. Natazama ngozi. Kesho yake dakika ishirini. Natazama ngozi. Hooyo alisuka kamba ya ngozi akaifunga kwenye nondo za dirisha ili nijivute mwenyewe kujigeuza, na kuanzia hapo nikimwita anigeuze alikuwa kiziwi.

Kisha nikarudi sokoni.

Nilirudi na kiti cha magurudumu mapana, maana mchanga wa soko la mifugo hauna huruma. Watu walifikiri nimekuja kuomba. Walisahau kwamba dalali wa kwetu anafanya kazi kwa vidole. Mnafunika mikono kwa shuka, mnashikana, bei inasemwa kwa kubana vidole na hakuna anayeona. Miguu haihusiki. Unahitaji mkono na uso mgumu, na uso wangu ulikuwa umepitia miezi minane ya mafunzo.

Tena kuna faida sikuitarajia. Nikiwa nimekaa, kila dakika ishirini hivi nashika mikono ya kiti najiinua makalio yapate hewa. Wauzaji wasionijua wakiniona najiinua katikati ya mazungumzo wanadhani nimekataa naondoka. Wanalegea wenyewe. Siwaelezi.

Habari zangu zikaenea, nikaanza kupigiwa simu. Mtu wa Hulugho, mwanawe ameangukiwa na ukuta wa kisima. Mtu wa kambi za Dadaab, dada yake ameanguka kutoka juu ya tanki la maji. Nikafungua group la WhatsApp. Tuko watu wa viti na familia zao, wengine hawajawahi kukutana na mtu mwingine wa hali yao. Tunaongea wazi. Mpira wa mkojo unasafishwaje. Usiweke kikombe cha moto mapajani, utaungua bila kujua. Usikubali kuchomwa moto miguuni na mganga ati iamke, miguu haijalala usingizi huo. Ndoa inawezekanaje, na hapo group huchangamka mno, kina mama wanajifanya wametoka.

Kinachosikilizwa zaidi ni voice note za hooyo. Anaongea dakika saba za ngamia bila kupumua, na mwisho anasema vuteni godoro katikati. Sista Mwende amempeleka wodini mara mbili kuwaonyesha familia mpya jinsi ya kugeuza, huku manesi wanafunzi wakiandika anayosema. Mama yangu asiyejua kuandika. Acheni nijivune kidogo, nina haki.

Sasa namalizia.

Asubuhi moja mwaka jana hooyo alinikagua ngozi kama kawaida. Nyonga zote mbili, makalio, visigino. Usiku huo nilikuwa nimejigeuza peke yangu tangu Isha hadi Alfajiri, kama siku thelathini zilizotangulia. Hapakuwa na hata alama.

Akafunika shuka, akaenda akafunga furushi lake la nguo. Nikamuuliza anaenda wapi.

"Kwa ngamia," akasema. "Wao bado wananihitaji."

Akapanda gari la maziwa linalorudi Habaswein. Nilisukuma kiti hadi barabarani, nikabaki pale hadi vumbi likatulia. Nililia, na safari hii sikusema ni jasho. Nimeshawahi kusifiwa na watu wengi, lakini sijawahi kusifiwa kama siku ile mama yangu aliponiacha.

Nilichojifunza ni hiki. Heshima niliyoilinda kwa kulala upande mmoja hakuna mzee aliyeniomba. Niliitunga mwenyewe, nikaificha kwenye ubani, na nusura izikwe pamoja nami. Wazee walikuwa tayari kuhama muda wote. Walikuwa wanangoja kuambiwa.

Mimi si daktari, ya hospitali waulizeni wa hospitali. Lakini kama kwenu kuna mtu wa mgongo, acha kusoma hapa, nenda ukamgeuze, utazame ngozi yake kwa macho yako. Ukirudi, niambie umeona nini. Wenye viti, wenye wagonjwa, na wale mtakaokuja kuuliza ya ndoa, nafasi ni yenu hapa chini. Nikikawia kujibu, jueni niko sokoni, mkono uko ndani ya shuka.